Meneja Hajambo

Mama mkwe alipokwenda kukaa kwa binti yake mkubwa, alituachia tangi lake la kioo lenye samaki mmoja mwekundu aitwaye Meneja. Alilileta limefunikwa shuka. "Kachoka na gari, msimsumbue leo," alisema. "Mtakuwa mnanipigia kuniambia anaendeleaje." Tangu harusi mama huyo alikuwa akinitafutia kosa, na sasa alikuwa ameliweka sebuleni kwangu.

Kesho yake tulifunua tukakuta maji ya kijani, mwani mtupu. Meneja haonekani. Chakula tulichomwagia kilizama humo, tukaamini kimeliwa, tukaongeza. Maji yakazidi kuwa kijani.

"Mwani hula mwanga na makombo," alisema muuza samaki wa mapambo. "Punguzeni vyote viwili."

Mume wangu ni fundi rangi. Kila kazi huirudia mara mbili. Alifunika madirisha kwa mablanketi, kisha akafunika mablanketi. Balbu akazitoa. Friji akapiga marufuku kufunguliwa, eti taa yake ya ndani ingeuamsha mwani. Tukawa tunakula kwa kupapasa. Siku moja nilichana nywele zangu kwa uma.

Majirani walikuja na nyuso ndefu. "Poleni na msiba. Nani katutoka?"

"Hajafa bado," alijibu mume wangu. Wakakaa kumngojea.

Na kila jioni nilipiga simu. "Meneja hajambo?" mama mkwe aliuliza.

"Hajambo, Mama. Kala, kashiba."

"Hasusi?"

"Jana alisusa kidogo. Leo katulia."

Kutoka kwa Meneja tukahamia magoti ya mama mkwe, kutoka magoti tukahamia majirani wa binti yake, mpaka simu inaunguza sikio. Nilidanganya kwa ufundi, maana niliogopa siku atakaporudi akute nimemuulia samaki.

Akarudi bila taarifa. Mume wangu, jasho likimtoka, akashusha blanketi moja. Mwani ulikuwa umekwisha. Maji safi, kokoto nyeupe, jani moja la plastiki. Hakuna Meneja. Nilizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, nikapekua kila kokoto. Majirani walisimama ili waone vizuri.

Mama mkwe alivua viatu, akakaa. "Acha kutafuta, mwanangu. Alikufa kabla sijawaletea."

"Sasa simu zote zile, Mama? Mbona ulikuwa unauliza?"

"Nilikuwa nauliza kwa sababu ulikuwa unapiga." Alikuwa akijikanda goti. "Ningekwambia amekufa, ungenipigia?"

Aibu ilinishika mbele ya watu wote wale. Nilitaka kusema ndiyo. Jioni zote zile nilikuwa nimemdanganya bila kigugumizi, lakini uongo huo mmoja ulinishinda.