Sura ya Lenzi

...na hii ya lenzi tuipite haraka, nimesema, mdomo umeshatangulia, nimefuta ubao kwa kiganja wakati dasta iko palepale, na nyuma yangu vitabu vinafungwa, pap, pap, ukumbi mzima, mtu ananong'ona "hiyo imekwenda na maji", Mungu wangu, nimefanya nini, chaki iko mkononi, mkono uko juu, andika SUMAKU basi, andika, S... wameelewa kinyume, wanadhani nimeiruka kwa sababu haimo kwenye mtihani, kumbe nimeikimbia kwa sababu imo, imo jamani, ukurasa wa pili, swali lenye alama nyingi kuliko yote, nimelifanya mwenyewe ofisini kwa mhadhiri, mlango umefungwa, saa yake ya mkononi mezani, maana ndivyo tunavyofanya hapa, msaidizi anaufanya mtihani kwanza kuona kama muda unatosha, halafu huyohuyo anatumwa kuwapitisha wenzake kwenye marudio, mtihani mzima ukiwa kichwani, "wewe nakuamini," aliniambia mhadhiri, "ila uchunge uso wako, hauna siri," nikaenda nikajifungia bafuni, mwanamke mzima nakiambia kioo lenzi, joto, sumaku, lenzi, na uso ulitulia kabisa, leo umepatwa na nini... na kwenye joto sikukimbia, nilipiga soga, nikawachorea sufuria na mfuniko wake, na joto halimo hata nusu alama, wao wamelipigia mistari ya rangi mpaka karatasi zimelowa, lo! "Ticha," ni huyu wa mbele, tunamwita Wakili kwa ubishi wake, "kwa hiyo lenzi haiji?" Sijasema haiji. "Hujasema, lakini uso umesema," wanacheka, na mimi nacheka, kicheko gani hiki, nikisema inakuja nimeuvujisha, mtihani unafutwa na kazi sina, nikisema haiji nimedanganya, nikinyamaza ndiyo nimejibu... usimtazame, usimtazame mdogo wako, nimemtazama, yuko nyuma karibu na dirisha, kitabu amefunga, na amenikonyeza. Amenikonyeza! Ananishukuru, anadhani nimemrushia kitu, tumetoka tumbo moja na hajui kuusoma uso wangu, yeye anaurudia mtihani huu, akianguka tena wanamtoa chuoni, na lenzi ndiyo iliyomwangusha mara ya kwanza, juzi alikuwa jikoni na penseli anachora miale, amekwama palepale, picha inaangukia wapi, "dada, hebu nielekeze hapa," nikasema nina usingizi, usingizi gani, sufuria haijateremshwa jikoni, niliogopa nikimwelekeza nitakuwa nimemwibia mtihani, nikamwacha na miale yake, na mama kila akipiga simu, "mshike mwenzio mkono, mwanangu," ndiyo mama, ndiyo mama, na mkono nimeuficha mgongoni, nimeogopa kumpendelea mmoja nikawapoteza wote, naye akiwa wa kwanza... "Ticha, tufunge? Njaa inauma," subirini, subirini kidogo, S yangu imesimama peke yake ubaoni, fikiri, we mwanamke, fikiri, wanachosoma ni nini, hawasomi lenzi, wanasoma haraka yangu, huku mbio, kule polepole, basi hiyo tofauti ndiyo niiondoe, nikirudi kwenye lenzi peke yake nimesema, nikirudi kwenye yote, sura ya kwanza mpaka ya mwisho, mwendo mmoja, hata sufuria yangu na mfuniko wake, sijasema kitu, watanichukia, na wanichukie, na uso nitawanyima, watafundishwa na mgongo. "Fungueni sura ya kwanza," nauambia ubao, "tunarudia zote, hakuna ya kuruka." Mayowe! "Aa, ticha, huo sasa uonevu," Wakili huyo, sigeuki, kiti kinaburuzwa nyuma, karibu na dirisha, kiti hicho nakijua, zipu ya begi naijua, nimeishona mimi, anaondoka, ana uhakika wake, "dada, mimi tayari, tutaonana nyumbani," amesema kwa furaha, furaha kabisa, na nikigeuka nikamwambia yeye peke yake kaa, ukumbi mzima utajua, nisipogeuka anakwenda kuanguka huku anaimba... "Kaeni," nasema, "kaeni wote, tafadhali," na hiyo tafadhali imetoka na sauti ya nyumbani, sauti ya mama kabisa, sikuipanga, mlango wa ukumbi huu unalia hata ukiguswa kwa kidole, nausikiliza, naifuta S, kwa dasta safari hii, naandika MWENDO, polepole, herufi zote sawasawa, machozi yanataka kutoka na hakuna anayeyaona, mlango haujalia, haujalia bado, Wakili anaguna, kitabu kimoja kinafunguliwa mbele, kingine katikati, mkono wangu bado uko juu, nasubiri... na kule nyuma, karibu na dirisha, penseli inachongwa.