Jumapili ya Ua Jekundu

Mwanangu Rosalind kila akitaka kunifanyia wema hukunja sura utadhani anameza kidonge kichungu. Kwa hiyo siku aliponipigia simu akasema, "Mama, tukapumzike Lincoln, wikendi tu, tutembee tuone mji," nikajua hapa pana jambo. Dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto ambaye kila Krismasi huniletea soksi, leo anilipie hoteli?

"Nani amekufa?" nikamuuliza.

"Hajafa mtu! Mama, wewe nawe!"

Tukaenda. Tulifika Ijumaa kwenye manyunyu ya Novemba, yale yasiyotaka kuwa mvua wala kuacha kuwa mvua, na Jumamosi asubuhi tukaanza kupanda kilima kwenda kanisa kuu. Barabara yenyewe inaitwa Mteremko Mkali, na aliyeipa jina hilo hakuwa anatania. Rosalind alinishika kiwiko kama polisi aliyemkamata mwizi wa kuku.

"Niachie. Miguu ni yangu."

"Mawe yanateleza, Mama."

"Yanateleza tangu enzi za Warumi na watu wanapanda. Niachie, nimesema!"

Aliniachia, ila akawa anatembea ubavuni na mikono tayari, kama mtu anayemsubiri mtoto aanguke kwenye baiskeli. Ilinikera kupita kiasi. Kanisani tulimtafuta yule shetani mdogo wa jiwe ambaye wageni wote huja kumwona, aliyekaa juu kati ya nguzo, mguu mmoja juu ya mwingine, na watu wote chini wamevunja shingo kumtazama. Zamani marehemu mume wangu, Wilf, alimbeba Rosalind mabegani ili amwone.

"Ulilia mpaka tukatolewa nje," nikamwambia.

"Nilikuwa na miaka minne!"

"Sasa una hamsini na mbili na bado unamwogopa. Nimekuona."

Tukacheka. Nilifurahi, sikatai, nikaanza kufikiri labda nimemdhania vibaya mwanangu.

Kumbe alikuwa anangoja chai. Tulikaa kwenye chumba cha chai juu ya kilima, madirisha yamefunikwa na mvuke, mbele yangu kipande cha mkate wa zabibu chenye siagi nene. Hakusubiri hata nimeze.

"Mama, nimepata chumba kwenye kituo cha wazee. Karibu na kwangu. Wamekishika kwa jina lako mpaka kesho kutwa, Jumatatu."

Nikaweka chini kile kipande. "Nina nyumba."

"Mama, lile birika."

"Birika limefanyaje?"

"Unajua limefanyaje."

Najua. Mwezi wa tisa niliweka birika la umeme juu ya jiko la gesi nikawasha moto. Plastiki ikayeyuka, nyumba ikajaa moshi, jirani akaita zimamoto. Kosa moja! Hata mchezaji wa mpira huonyeshwa kadi ya njano kwanza.

"Na mlango unaolala wazi," Rosalind akaendelea. "Na siku ile uliyonipigia simu kuuliza mbona Baba hajarudi. Mama, mficha maradhi kifo humwumbua."

Hiyo ya simu ilinichoma, kwa sababu sikuikumbuka hata kidogo. Nikaona hasira ndiyo inayonifaa.

"Sikiliza, we mtoto. Kesho ni Jumapili. Kesho nitapanda mnarani nipige kengele."

Mtu asiyezijua kengele zetu za kanisa hudhani ni kuvuta kamba tu. Si hivyo. Watu sita mnasimama duara, kila mmoja na kamba yake, na kila mzunguko zamu zinabadilishana: aliyekuwa wa tatu anakuwa wa pili, wa pili anarudi wa tatu, hivyo hivyo, na hakuna karatasi ya kuangalia. Yote yako kichwani. Akili iliyooza haiwezi. Nami nimepiga tangu nilipokuwa msichana, na kwa desturi yetu mpiga kengele akiingia mji wowote, hupanda mnara wowote, husema anatoka wapi, na hupewa kamba.

"Nikipiga mpaka mwisho," nikasema, "nisisikie tena habari ya hicho kituo. Nirudi kwangu nikafie kwangu."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitakwenda huko kwa miguu yangu mwenyewe, na sitakununia."

"Utaninunia, Mama."

"Nitakununia kidogo."

Rosalind ni mkaidi lakini si mwongo, kachukua kwa baba yake. "Sawa. Ukimaliza salama, Jumatatu nawapigia simu waachie chumba. Naapa." Tukapeana mikono juu ya sahani ya siagi.

Usiku ule nililala vizuri kuliko yeye. Asubuhi alinibandika ua jekundu la karatasi kwenye koti, naye akabandika lake. Mji mzima ulikuwa umevaa. Tukateremka mpaka kanisa dogo chini ya kilima, karibu na mto. Mlangoni alisimama kiongozi wa wapiga kengele, bwana mrefu aitwaye Alwyn, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi. Tukaongea kidogo, ya mvua nadhani, maana sisi watu wa huku tukikutana ni mvua kwanza. Rosalind anaogopa ngazi za mzunguko, akabaki chini kwenye viti vya kanisa akiwa ameshikilia mkoba wangu kwa mikono miwili.

Lo, nilipoingia kile chumba cha juu! Harufu ya vumbi na kamba, mazulia yaliyochakaa, vishikio vya sufu nyekundu, nyeupe na buluu. Nilijiona nimefika nyumbani. Alwyn alinipa kengele ya tatu. Nikavua koti, nikakunja mikono ya sweta, nikaishika kamba, na mikono ikajua yenyewe la kufanya.

"Haya, tayari," akasema mama mmoja aliyeshika kengele ya kwanza, akianza kuivuta. "Inaondoka... imeondoka."

Nikavuta. Ngo! Safi, mahali pake kabisa. Nikavuta mvuto wa pili, ule wa kurudi.

Kimya.

Si yangu tu. Kengele zote sita, kimya. Kwa mbali tu kitu kama mtu anayegonga meza iliyofunikwa blanketi. Nikavuta tena: ngo, kubwa, wazi. Nikavuta tena: hakuna. Dunia ikawa inawaka na kuzimika. Nikawatazama wenzangu, nyuso zao shwari, wanavuta tu. Basi ni mimi. Masikio yangu, Mungu wangu, masikio yangu yamekufa leo hii, hapa hapa! Nikapoteza zamu yangu.

"Bi Enid, mfuate wa tano!" Alwyn akaita. "Wa tano! Sasa wa nne!"

Sikujua wa nne ni nani. Kamba ikanipita mkononi, kengele zikagongana huko juu kama masufuria yanayoanguka kabatini.

"Simameni!" akasema Alwyn, na zote zikasimama.

"Masikio," nikasema. "Masikio yameniacha. Nasikia mvuto mmoja, wa pili sisikii."

Kwetu shida ya mtu tunaitazama kwenye viatu vyetu, na viatu vilitazamwa sana pale. Alwyn akafunga kamba yake, akaja mpaka karibu yangu, akasema polepole ili wengine wasisikie, ingawa walisikia wote.

"Masikio yako mazima, Bi Enid. Tumefunga ngozi."

"Ngozi gani?"

"Kwenye ndimi za kengele, upande mmoja. Leo ni Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Mvuto mmoja wa sauti, mmoja wa mwangwi." Akaishika miwani yake. "Nilikuambia pale mlangoni. Ukanijibu umezifunga mwenyewe miaka arobaini. Ukanionyesha na fundo, kwa uzi wa miwani yangu."

Nikaangalia koti langu lililotundikwa msumarini, na lile ua jekundu juu yake. Nchi nzima haivai ua lile ila kwa siku hiyo. Kijijini kwetu, kila Novemba, ni mimi niliyepanda na taa kwenda kuzifunga zile ngozi. Tulipomzika Wilf tulizifunga pia, nami sikukubali mtu mwingine azishike. Na yale mazungumzo ya mlangoni, mpaka leo, sikumbuki hata neno moja.

"Humtokea kila mtu," akasema yule mama wa kengele ya kwanza.

"Haimtokei kila mtu," nikamwambia. "Asante, lakini haimtokei."

Wakaniomba tujaribu tena. Nikatikisa kichwa, nikaketi kwenye benchi ukutani, mwingine akashika kamba yangu. Nikawasikiliza mpaka mwisho. Mmoja wa sauti, mmoja wa mwangwi. Walipiga vizuri, na nilitamani nife pale pale benchini kabla sijashuka.

Chini, Rosalind alikuwa amesimama, macho yamejaa. "Nilisikia zimesimama kidogo. Moyo ukanilipuka. Kulikoni?"

Nikafungua kinywa, lakini Alwyn alikuwa nyuma yangu, akaniwahi. "Kamba ya mtu iliteleza tu, jambo la kawaida. Mama yako amepiga vizuri mno. Tumefaidi kweli."

Kwetu huo si uongo, ni adabu. Ungemwaga supu kwenye kapeti la mtu, angekuambia lilihitaji rangi. Rosalind akanikumbatia mbele za watu, kitu ambacho hajafanya tangu mazishi ya baba yake.

"Umeshinda, we bibi mkaidi," akaninong'oneza. "Kesho nawapigia simu waachie chumba. Turudi kwako."

Basi nikawa nimeipata nyumba yangu. Bustani yangu, dirisha langu, kiti cha Wilf. Kilichotakiwa ni ninyamaze tu, na kunyamaza ndiko watu wangu wanakojua kuliko yote.

Ibada ikaanza. Ilipofika saa tano kasisi akatusimamisha, na kanisa zima likanyamaza kwa ajili ya wafu, kama linavyonyamaza kila mwaka saa hiyo. Katika kimya hicho mtu hakohoi, hata mtoto mchanga huzibwa kwa chuchu. Nimesimama humo maisha yangu yote na sijawahi kusikia mtu akisema neno. Nikasimama na Rosalind ubavuni, nikajiambia: mwambie kwenye gari. La, mwambie nyumbani. Halafu nikajiuliza nilichotaka kumwambia ni nini hasa, na kwa kitambo hakikuja. Kilikuja, lakini kilichelewa, na hofu iliyonishika hapo sijapata kuiona hata Wilf alipokata roho.

"Rosalind," nikasema.

Vichwa vikageuka. Mzee mmoja mwenye nishani kifuani alinitazama kana kwamba nimetema mate kaburini.

"Mama, shh."

"Usiwapigie simu. Usikiache kile chumba. Yule bwana aliniambia kengele zimefungwa ngozi, nikasahau nikiwa bado napanda ngazi. Nimeharibu. Amekudanganya kwa adabu."

"Mama, nakuomba," akanong'ona, uso umemwiva kwa aibu, machozi yanamtoka. "Watu wamenyamaza. Niambie baadaye."

"Baadaye nitakuwa nimeshasahau," nikamwambia.