Dakika Kumi na Tano za Silensa

Siku ile mjinga alikuwa Salumu mwenyewe, na hakuna wa kumtetea. Simu ilimkuta gereji, Kibondo, saa nne asubuhi: mama yake amefariki Kasulu, anazikwa baada ya Adhuhuri. Yeye ndiye mtoto wa kiume pekee. Ilimpasa kuingia kaburini, ampokee mama yake kwa mikono yake.

Gari lake, Noah, lilikuwa karibu tayari. Fundi Mpawenimana, aliyeanzia ufundi katika kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtendeli kabla haijafungwa, alikuwa amesafisha mlango wa hewa wa injini uliojaa masizi na kurudisha betri aliyoichomoa.

“Pole sana, mugenzi, rafiki yangu,” alisema. “Ila usiondoke bado. Kompyuta ya injini imesahau kila kitu. Ilizoea mlango mchafu, sasa haijui iruhusu hewa kiasi gani gari likisimama. Iache ingurume yenyewe dakika kumi na tano, bila kiyoyozi, bila kukanyaga mafuta. Itajifunza silensa yake, mngurumo wa gari lililosimama.”

“Na ikifeli, inakariri darasa?”

Ndivyo alivyokuwa Salumu. Miaka kumi na moja ya kuendesha malori mabovu ilimfundisha kucheka pale wengine wanapolia. Dakika ya sita ya injini kunguruma, Nasma, mdogo wake wa kike, akapiga simu kuuliza amefika wapi.

“Niko shuleni,” akamjibu. “Fundi anataka gari likae darasani dakika kumi na tano. Mimi ninalitorosha.”

Akakata simu, akaingia garini na kukanyaga mafuta kwa resi tatu nzito, desturi ya madereva wa pale, ili mtaa mzima usikie kwamba mgonjwa amepona.

Mpawenimana akashika kichwa. “Umevuruga yote. Tuanze upya.”

“Anza wewe. Mimi nina msiba.”

Lilikwenda vizuri mpaka tuta la kwanza. Alipoinua mguu, likazima. Akaliwasha. Kona, likazima. Kwenye mteremko likazima tena, usukani ukawa mzito kama jiwe, akaponea chupuchupu kutumbukia kwenye tope la mtaroni. Akawa anakanyaga mafuta na breki kwa pamoja, jasho likimtoka, akiliomba gari msamaha kama mtu. Alipofika Makere, kabla ya Kasulu, betri ikachoka kwa kuwasha na kuwasha.

Nasma akapiga simu tena. “Tumeswali. Mjomba Badru amewaomba watu wakungoje.”

“Nipo njiani.”

Dereva wa fuso alimwashia kwa nyaya baada ya muda mrefu. Wingu jeusi lilikuwa limeshakaa upande wa Kasulu.

Alifika makaburini saa tisa na nusu. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshapigwa mgongo, mvua inauchimba vijishimo. Mjomba Badru, aliyeingia kaburini badala yake, tope hadi magotini, hakumtazama.

Nyumbani, mbele ya wanaume waliokaa chini ya turubai, Salumu alipata sauti. “Yule Mrundi ameniharibia gari. Lilitoka kwake bovu. Angenitendea haki ningemzika mama yangu.”

Akarudia, kwa sauti zaidi.

Nasma alitokea mlangoni, kanga imelowa kichwani.

“Kaka, fundi alikuomba dakika kumi na tano, ukamnyima. Sisi tulikupa saa nzima, maiti ipo kwenye jeneza na kaburi linaingia maji. Taja mwingine aliyekukosea, tumwite.”