Kuni za Nyuma ya Nepia

Kiplangat aliuangusha mkaratusi wake mwenyewe, mchana kweupe, majirani wakimtazama, na akajisifu kabla hawajapata nafasi ya kumsifu. Kuangusha mti ni kazi ya mwanamume. Kupasua kuni na kuzipanga, kila mtu katika kilima kile nje ya Sotik alijua, ni kazi ya mwanamke. Shida ni kwamba mkewe, Elmina, alikuwa ameteleza akichuma chai akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Sasa alikuwa akishinda mlangoni, mkono wenye plasta mapajani, akiyatazama magogo uani kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani.

Mvua za mwaka ule wa tisini na sita zilikuwa zimekwisha kupiga hodi. Kiplangat akapendekeza aitwe mtu wa kibarua. Elmina akakataa katakata. Kuni zake zingeshikwa na mtu wa nyumba ile, au wote wawili wangekunywa maziwa mabichi.

"Hii kuni haijui mwanaume wala mwanamke, Baba Chelimo," alimwambia. "Inajua shoka tu."

Wakati mwingine Kiplangat angepuuza, lakini uchaguzi wa mwenyekiti wa kituo cha kuuzia majani chai ulikuwa unakaribia, na alikitaka kiti kile mpaka usingizi ukampaa. Mwenyekiti ni mtu wa kuheshimiwa. Mzee anayepasua kuni hupewa jina, na jina la kilimani halitoki kwa sabuni. Basi akayavingirisha magogo hadi nyuma ya nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, karibu na zizi, akajificha huko na shoka lake.

Mwanzoni lilikuwa balaa. Shoka lilinasa kwenye fundo, akalivuta, likamwangusha chali. Polepole akajifunza kuanzia pembeni mwa gogo na kuusoma ufa wake. Zaidi ya hayo, na hili hangelikiri hata mbele ya mchungaji, akaanza kuipenda ile kazi. Alizipanga kuni ukutani mwa zizi, maganda yakitazama juu, ncha zote sawa, na nafasi za kupitisha upepo. Jioni alirudi kuutazama ule mpango wake kwa siri, akafurahi peke yake.

Lakini shoka halijui kunong'ona. Nyamoita, jirani yao aliyehamia kutoka upande wa Kisii na kiongozi wa akina mama kanisani, aliuliza kutoka ng'ambo ya ua ni nani anayepasua kuni kila siku. Kiplangat akachomoza kwenye nepia, akajipangusa jasho, akajibu bila kufikiri kwamba ni Mama Chelimo. Si anamjua, hawezi kukaa bure? Akaona amejiokoa.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake pale kituoni, wanawake waliopimisha majani walimpita bila salamu. Keshokutwa yake vivyo hivyo. Kiplangat akadhani mpinzani wake amewapitia, akazidisha tabasamu, nao wakazidi kununa.

Siku ya kuamkia uchaguzi, Nyamoita aliingia uani na akina mama wa kanisa, vitambaa vimekazwa vichwani.

"Mzee, tumekuja na swali moja tu," alisema. "Huyu mama na plasta yake, ni wewe unamwambia apasue kuni?"

Kiplangat akamgeukia mkewe. Neno moja la Elmina lingemwokoa. Elmina akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao hajawahi kuwa nao tangu waoane, akaipapasa plasta yake.

Basi Kiplangat akaona aibu mbili mbele yake, ya kupasua kuni na ya kumpasulisha mgonjwa, na hii ya pili ilikuwa ya uongo. Hiyo ndiyo iliyomuuma. Akaenda nyuma ya nepia, akarudi na shoka na gogo lenye mafundo, akaliweka katikati ya ua mbele ya macho yote yale, akalipasua mara moja. Nyamoita akaenda mwenyewe hadi kwenye zizi, akazunguka ukuta wa kuni, akausukuma kwa bega. Haukutikisika.

"Imepangwa vizuri kuliko yangu," alisema, na wenzake wakaangua kicheko.

Kabla ya giza kilima chote kilikuwa na habari, na jina likawa limepatikana: Baba Kuni. Kesho yake watu walipiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea, na foleni ya Baba Kuni, iliyojaa wanawake peke yao, ilifika hadi barabarani. Wanaume waliokuwa wameonyeshwa shoka na wake zao asubuhi hiyo walimtazama kwa chuki.

Mwenyekiti alirudi nyumbani akiimba. Akamkuta Elmina akiingiza kuni jikoni, amezikumbatia kwa mikono yote miwili. Plasta ilikuwa imening'inia kwenye msumari, imepasuliwa upande mmoja, na utepe wa leso wa kuifungia.

"Walinitoa plasta kwa dispensari," Elmina alisema bila haya. "Kitambo. Lakini ulikuwa unapanga vizuri, nikaogopa kukukatiza."

Kiplangat akaitungua ile plasta, akaingiza mkono wake mwenyewe, akajifunga utepe kwa meno, akaketi mlangoni.

"Nimeumia, Mama Chelimo. Nani atanimiminia chai?"

"Ule mkono mwingine, Mwenyekiti," Elmina alimjibu, akachochea moto.