Maneno Kumi na Moja ya Mzee Haddow

Mwaka ule wa uchaguzi nchi nzima iligombana juu ya choo atakachoingia Corinne Haddow, na mwenyewe alikuwa hajatoka nyumbani tangu Jumanne. Wagombea walisimama mbele ya kamera, nyuso zimewakunjamana kwa huruma, wakaeleza hatari ya wanawake waliobadili jinsia katika mashindano ya kuogelea. Corinne, mmoja wa wanawake hao, mwenye miaka arobaini na saba na goti moja bovu, ambaye hata kuogelea hajui, aliwasikiliza akiwa amevaa soksi mbili mbili kwa baridi ya mji wa Burnie. Kisha akachukua simu na kuandika: "Nimeambiwa mimi ni tishio kwa rekodi za taifa za kuogelea. Naomba mtu anishike mkono nikitoka bafuni." Kabla chai yake haijapoa, watu elfu nne walikuwa wameshacheka.

Hiyo ilikuwa kazi yake ya pili, isiyo na mshahara. Ya kwanza ilikuwa kupokea simu za kampuni moja ya bima akiwa chumbani kwake, kuwapoza watu walioezuliwa mapaa na upepo. Huko mtandaoni aliitwa Bi Kura Iliyoharibika, na wafuasi wake walikuwa elfu sitini na ushee. Aliwachambua wanasiasa wa vyama vyote bila upendeleo. Alichambua pia kile kipindi cha televisheni cha kuoka keki ambamo wanaume wazima hulia kwa sababu kastadi imekatika, na yule mwimbaji mkongwe aliyeaga jukwaa kwa mara ya nne, ambaye Corinne alimfananisha na mgeni anayeaga kisha anarudi kuchukua mwavuli. Watu walivunjika mbavu. Walimwandikia kwamba bila yeye wangekuwa wameshapata wazimu.

Lakini alikuwa mpweke, na hakuna haja ya kulizungusha hilo. Ijumaa alipozima kompyuta ya kazi, sauti ya mtu ambayo angeisikia tena ikimsemesha ilikuwa ya Jumatatu. Dukani alijilipia kwenye mashine asije akakodolewa macho na mtu wa kaunta. Watu elfu sitini walijua anachofikiria juu ya waziri mkuu, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba wiki nzima jino lilikuwa likimuuma.

Baba yake, Mervyn, aliishi mwendo wa dakika kumi na mbili kwa gari. Miaka minne nyuma Corinne alikaa kwenye meza ya jikoni ya mzee huyo akamweleza yeye ni nani na tangu lini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akatoka kwenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi. Tangu siku hiyo hakumsemesha. Hakutukana wala hakubamiza mlango, na hilo ndilo lililomchosha Corinne, maana matusi angeyajibu. Kimya hakina pa kushikia. Salamu za sikukuu zilipitia kwa Gaynor, dada yake mdogo, naye alizifikisha huku na huko akiwa amechoka kama tarishi.

Alhamisi kabla ya uchaguzi Gaynor alipiga simu.

Kila uchaguzi, kwenye shule ya msingi ya kule mlimani, wazazi huweka jiko la bamba nje ya kituo cha kupigia kura na kuuza soseji ndani ya mkate. Mtu wa huko akipiga kura bila kula soseji huona kama kura yake haijatimia. Mervyn alikuwa ameshika koleo la jiko hilo tangu Gaynor yuko darasa la kwanza, na hakuliachia hata wajukuu wa wenzake walipokwisha kumaliza shule. Zamani Corinne ndiye aliyekuwa akikata na kukaanga vitunguu. Mwaka huu mama wa vitunguu alikuwa amevunjika kifundo cha mkono.

"Baba kasema nikwambie mtu wa vitunguu hayupo," Gaynor alisema.

"Kasema uniambie mimi?"

"Kasema, 'Mwambie.' Nikamuuliza, nimwambie nani? Akasema, 'Unajua nani.' Usinichimbe zaidi, dada, ndivyo ilivyotoka. Njoo saa moja na nusu asubuhi. Na tafadhali, huo ulimi wako uuache nyumbani."

Corinne alikata simu akakaa kitandani. Kwa miaka minne alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mzee yule: amwite kwa jina lake jipya. Lilikuwa kwenye leseni yake ya udereva na kwenye bili ya umeme, mpaka daktari wa meno alilitamka vizuri. Aliyebaki ni mmoja tu. Usingizi wa usiku ule aliupata kwa taabu, akifanya mazoezi ya kutolia.

Jumamosi alipiga kura kwanza. Karani alikuwa kijana mwenye rula na penseli, akamuuliza maswali matatu ambayo kila mtu huulizwa: jina lako kamili nani, unaishi wapi, umeshapiga kura leo? Corinne alijibu. Kijana akalitafuta jina daftarini, akalipigia mstari, akasema, "Asante, Corinne," akanyoosha mkono kwa mtu aliyefuata. Likatoka mdomoni mwake kirahisi hivyo.

Nje, baba yake alikuwa amefunga aproni ya kijani ya klabu yake, ile ambayo marehemu mama aliishonea mfuko wa kitambaa cha maua. Alimtazama Corinne viatuni. "Vikate vyembamba," alisema.

Akavikata vyembamba. Gaynor alikaa pembeni akipokea pesa. Foleni ilikuwa imeshazunguka uzio, watu wanapiga miayo, mbwa wamefungwa kwenye nguzo, na wagawa karatasi wa vyama wanatabasamu kwa nguvu. Baada ya muda mrefu mzee alisema, "Moto mdogo." Baada ya mwingine, "Vinaungua upande huo." Kiasi cha saa nne upepo wa baharini uligeuka ukaanza kumpiga Corinne usoni, machozi ya vitunguu yakamkaukia mashavuni. "Kuna upepo," mzee alisema. Akalifungua turubai lililokuwa limemkinga upande wake mwenyewe, akaja kulifunga upande wa Corinne, mafundo mawili mawili, kisha akarudi kwenye jiko na kugeuza soseji, mgongo wake wazi kwa upepo. Alishinda hivyo asubuhi nzima.

Corinne alijisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia kwa miaka. Aliona aibu jinsi alivyofurahi.

Ndipo akafika Trevor, jirani wa mzee, akihesabu sarafu kiganjani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuuliza tu. "Umepata msaidizi leo, Merv," alisema. "Nani huyu?"

Mervyn alifungua mdomo. Akaufumba. Akainamia bamba akageuza soseji iliyokuwa imegeuzwa sasa hivi. Trevor alingoja, akaona jibu haliji, akachukua mkate wake akaenda zake akijipaka sosi ya nyanya kwenye mkono wa sweta. Corinne aliendelea kukoroga vitunguu. Jina lilikuwa neno moja tu, na mzee alishindwa kulitoa mbele ya Trevor, mtu ambaye hata mbwa wake humkwepa. Muda mfupi baadaye mzee alisema, "Vitunguu zaidi," naye akaongeza.

Saa sita mikate ilikwisha. Corinne alirudi nyuma kidogo, akapiga picha: mikono ya baba yake, koleo, aproni ya kijani. Kichwa hakikuonekana. Aliandika kwa kidole gumba, upesi, kama mtu anayejikuna: "Baba yangu hajanisemesha kwa miaka minne. Leo tumechoma soseji pamoja saa nne nzima. Amesema maneno kumi na moja, tisa kati yake yakihusu vitunguu. Hata hivyo ni sera iliyo wazi kuliko ya chama chochote mwaka huu." La turubai hakuliandika. Halichekeshi.

Alikuwa hajafika kwenye gari Gaynor alipomkimbilia, aproni mkononi. Alisema Baba anauliza kama atakuja jioni kuangalia matokeo, kuna mguu wa kondoo kwenye oveni na wao wawili hawataumaliza. Corinne alisema atakuja. Alisema hivyo mara tatu.

Ndani ya gari aliikumbuka simu. Kidole kilikwenda mpaka pale pa kufuta. Lakini watu elfu tisa walikuwa wameshapenda, na wengi waliandika kwamba wangempigia kura baba yake, kwamba wanataka kumkumbatia, kwamba na wao wana baba wa namna hiyo. Alisoma majibu hayo mpaka kioo cha mbele kikafanya ukungu. Mzee mwenyewe hana hata simu ya maana, alijiambia. Akaiacha.

Jioni meza ilikuwa imetandikwa kwa watatu, na kiti alichokalia zamani kilikuwa kimewekewa mto. Mzee alikata nyama, akampa Corinne kipande cha karibu na mfupa bila kuuliza, maana alijua anakipenda. Televisheni iliwashwa. Viti vilihesabiwa, wachambuzi wakagusa ramani. Saa moja na nusu, wakati matokeo ya magharibi bado yanasubiriwa, mtangazaji alisema sasa tupumzike tuone soseji za taifa, kama desturi, na picha za watu wenye mikate, zilizookotwa mtandaoni, zikaanza kupita.

Kisha ikaja mikono, koleo, aproni ya kijani yenye mfuko wa maua.

Mtangazaji alisoma maneno ya Bi Kura Iliyoharibika kwa sauti ya kuigiza, akatua palipostahili kutuliwa. Walioalikwa studio walicheka, wa serikali na wa upinzani, na lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu asubuhi. Mmoja wao alikuwa kati ya wale wagombea wa vyoo na mabwawa ya kuogelea, naye alicheka kuliko wote. "Mzee," mtangazaji alisema akitazama kamera, "kama unatutazama, tunasubiri neno la kumi na mbili."

Gaynor aliweka uma chini taratibu. Mervyn aliendelea kuitazama televisheni hata picha ilipokwisha kupita.

"Ule ni mfuko wa mama yako," alisema.

"Ni mzaha tu, Baba," Corinne alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Watu wamekupenda. Nikusomee wanavyosema? Maelfu, Baba. Wanakupenda."

Mzee alipunguza sauti ya televisheni. "Sikujua ulikuwa unayahesabu," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alichukua sahani yake, nyama bado ipo, akaipeleka jikoni, na maji yakasikika yakifunguliwa. Corinne aliinuka, akaunyoosha mto wa kiti chake. Mwishowe akachukua koti.

Gaynor alimfuata mpaka barazani akaurudisha mlango nyuma yake.

"Wiki nzima alikuwa anajifungia bandani," alisema. "Nilidhani anatengeneza mashine ya kukata nyasi. Juzi nikasimama nje nikamsikia. Alikuwa anasema jina lako. Analisema, ananyamaza, analisema tena. Mbele ya Trevor asubuhi lilimkwama; mikate ilipokwisha akaja kuniambia, 'Nitalisema jioni, tukishakaa.'"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungeliandika, dada."

Corinne hakuweza kukataa. Mlango ulifunguliwa, mzee akatoka na taulo la vyombo begani, akawasha taa ya ngazi kwa sababu ya goti la Corinne. Gaynor aliwapisha akaingia ndani.

"Baba, nisamehe," Corinne alisema. "Kuna mengi sikuyaandika. Turubai sikuliandika."

Mervyn alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na akamtazama kwa muda. Alikuwa amechoka, naye alikuwa na miaka sabini na tisa.

"Usiku mwema, Corinne," alisema. Lilitoka sawasawa, bila kukwama, kama linavyotoka kwa mtu aliyejizoeza wiki nzima, kisha akafunga mlango.