Likizo ya Kulala

Katika kiwanda kile kikubwa cha udobi kilichofua mashuka ya mahoteli, mvuke haukukatika. Ulitoka kwenye mashine ukajilaza juu ya vichwa vya watu, na meneja wa ufuaji alipopita ndani yake alijiona kama mwanamke anayetembea usingizini. Wakati mwingine alisimama mbele ya mashuka yaliyoanikwa, akasahau kilichompeleka pale. Weupe ule ulimwita. Alitamani ajifunike gubigubi, dunia iendelee bila yeye.

Mwenzake wa upande wa kunyoosha nguo, ambaye kila mtu alimwita Bwana Pasi, alikuwa ametoka likizo karibuni. Alipoiomba alimwambia mkurugenzi, "Bosi, nakwenda kulala," na mkurugenzi akacheka hadi akashika mbavu. "Kalale, bwana! Umejituma." Bwana Pasi akazima simu. Aliporudi macho mekundu, walimtania kwamba kitanda kimemshinda. Na kazi zake zote alizibeba nani? Huyuhuyu dada wa watu.

Zamu yake ya kuomba likizo ilipofika, hata kuketi ofisini kwa mkurugenzi hakuwahi.

"Kuna nini nyumbani?" mkurugenzi aliuliza. "Mtoto? Mume?"

Alitaka kusema anakwenda kulala. Akajisikia akisema, "Mama anaumwa."

"Pole sana. Nenda ukamuuguze."

Alipofika kwao alimkuta mama yake juu ya ngazi, mzima wa afya, anapaka dirisha rangi ya bluu. Hakumweleza kitu. Alijinyoosha kwenye kochi, pazia likapumua ndani na nje, brashi ikanong'ona kwenye mbao, naye akazama taratibu. Ila simu ilibaki kiganjani. Pampu inavuja. Sabuni imewekwa wapi? Alijibu akiwa amefumba macho, hata asijue ni simu zipi zilikuwa za kweli na zipi aliziota.

Alasiri moja ikasikika hodi. Ni mkurugenzi na Bwana Pasi, wamebeba kikapu cha machungwa.

"Tumekuja kumwona mgonjwa," mkurugenzi alisema.

Mama akasimama mlangoni, rangi ikimchuruzika mkononi. Akamtazama bintiye aliyekurupuka kwenye kochi, aibu imemjaa usoni, na papo hapo akaelewa.

"Mgonjwa ndiye huyo. Analala, anajibu simu, analala tena. Mmemfanya nini mwanangu?"

Mkurugenzi akakohoa. "Sasa mbona hukuniambia tu kwamba umechoka?"

"Kaka huyu alikwambia, ukacheka naye," alijibu, sauti ingali nzito kwa usingizi. "Mimi ukaniuliza kuna nini nyumbani."

Bwana Pasi aliinamisha kichwa.

"Mimi sijaulizwa swali hilo hata siku moja," alisema polepole. "Na mama yangu alikuwa amelazwa kweli. Kila siku nilikuwa namlisha, namgeuza kitandani. Lakini mwanamume mzima naanzaje kusema hayo? Nikasema nakwenda kulala."

Mkurugenzi alibaki na kikapu chake, hajui akitue wapi. Hapo simu ikalia. Meneja wa ufuaji akaitazama, kisha akamkabidhi bosi wake.

"Ni pampu," alisema, akajilaza.

Mkurugenzi akatoka nayo uani, huku akiuliza kwa sauti kubwa pampu yenyewe inafananaje. Pazia likapumua. Bluu ya dirisha ikasambaa nyuma ya kope za meneja wa ufuaji kama maji ya uvuguvugu, na kwa mbali, mbali sana, akamsikia mama yake akimvutia Bwana Pasi kiti.

"Hebu kaa, baba. Mama anaendeleaje?"