Wageni wa Jamvini

Katika mji wa Jamvini, uliokalia kilima cha majani mabichi na kuviachia vitongoji vyake mteremko wa mawe, mgeni alikuwa na enzi yake: alipewa kiti kwanza, alipakuliwa kwanza, hakuulizwa umri wala atokako, na hakufukuzwa mpaka aage mwenyewe. Desturi nzuri, mtu angesema. Lakini wakubwa wa kilimani, wakiongozwa na Bwana Matonge, mwenye mashavu yaliyong'aa kama sufuria ya harusini, hawakupata kuona kitu kizuri wasikitie mfukoni. Kila mwaka, watoto wasiozidi miaka kumi na mitatu walipogombea kombe, na washindi wakapewa kiwanja pekee chenye nyasi mpaka kombe lijalo, timu ya kilimani ilishuka na "wageni" wake: majitu yenye sauti nzito na videvu vilivyonyolewa asubuhi ile ile.

Zawena, kocha wa watoto wa kitongoji cha Kokoto, hakusahau hata hila moja. Alikumbuka mshambuliaji mgeni aliyeitwa nje katikati ya mchezo kwa kuwa mkewe amejifungua, na bao lake likahesabiwa vilevile. Alikumbuka magoti ya watoto wake, yaliyochunwa na changarawe yakafanana na papai lililodonolewa na ndege. Kila alipolalamika alijibiwa, kwa upole unaochosha, kwamba mwenye adabu hamhoji mgeni.

Mwaka huu tena fainali ikawakutanisha.

"Bwana Matonge, yule namba tisa ana upara."

"Bi Zawena, mgeni ni mgeni."

"Na mwanao mbona simwoni?"

"Yuko benchi. Mgeni hupakuliwa kwanza," akasema, ingawa safari hii hakutabasamu.

Kokoto wakafungwa saba. Zawena, aliyekuwa amewaahidi watoto nyasi, akawafunga vidonda.

Wageni wakapokea kombe, wakapokea kiwanja, na hawakuaga. Wakaita ndugu zao, nao wageni. Kutoka kiwanjani wakahamia ukumbi wa klabu, kutoka ukumbini wakahamia barazani kwa Matonge, wakipakuliwa kwanza kila mlo, na mtu wa kilimani akijaribu hata kukohoa, alikumbushwa adabu.

Ndipo asubuhi moja Bwana Matonge aliposhuka Kokoto, viatu vimejaa vumbi, akamkuta Zawena akifundisha. Akalalamika kirefu: wale ni watu wazima, ni matapeli, mmoja ana wajukuu. Akataka Kokoto nzima ipande ikamsaidie kuwatoa.

"Sisi wenyeji tushikamane," akasema.

Zawena aliukanyaga mpira ukatulia. "Sisi. Neno hilo umeliokota wapi, bwana?"

Kisha akamuuliza kama wakitoka hao, kiwanja kitakuwa cha watoto wote. Matonge akatazama pembeni, akasema hayo yatazungumzwa baadaye, mambo yakishatulia.

Zawena akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka kuchoka. Akamwonyesha mawe mawili yaliyokuwa milingoti ya goli.

"Basi karibu Kokoto. Huku kwetu mgeni hukaa golini."

Matonge akaitazama changarawe, akaitazama suruali yake nyeupe. Kutoka kilimani upepo ulileta harufu ya pilau lake, na vicheko. Watoto walikuwa wameshapanga foleni, na wa kwanza alikuwa akirudi nyuma, taratibu, kupima hatua za kupigia.